Supu ya Siku Wakwe Walipofika Mulongwe

Kuna watu wanaoita supu ya maharagi chakula cha shida. Siku hizi sibishani nao, nawahurumia tu, maana najua hawajawahi kukaa kwenye kile kibao kifupi cha jikoni kwa Mama Faida, pale Mulongwe mjini Uvira, sufuria ikichemka taratibu na harufu ya visamaki vya ndagala vilivyokaangwa ikipita chini ya mlango hadi barabarani. Mimi nilikaa pale mwaka mzima. Wiki iliyopita Faida alinipigia simu akaniambia mama yake amelala na hakuamka. Hakulia katika simu, na mimi sikulia. Nilizima jiko, nikafunga nyumba yangu ya Bujumbura, nikavuka mpaka asubuhi hiyo hiyo nikiwa nimevaa kitenge kilichokuwa karibu na kitanda, bila kuangalia kama kinafanana na blauzi. Dereva wa pikipiki aliyenichukua upande wa pili aliniuliza naenda matanga ya nani. Nilipomtajia jina alisema, "Ule mama wa supu?" Hapo ndipo nililia, nimeshika bega la kijana wa watu nisiyemjua, na yeye akapunguza mwendo.

Sababu zilizonileta Uvira nikiwa msichana hazina nafasi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimalize mwaka wa sita wa sekondari, nchi ingali na jina lake la zamani, na mtu mmoja wa parokia akaniombea nafasi kwa mjane aliyekuwa na chumba kidogo nyuma. Chumba hicho kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha lisilofunga vizuri, na ukuta wa mbao uliokitenganisha na jiko. Ukuta ule ulinifundisha mengi kuliko darasa. Kila asubuhi nilisikia ufagio uani, kisha mbabula, jiko la makaa, ikipepewa, kisha sauti ya Mama Faida akiongea na makaa kana kwamba ni watoto wavivu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini, na alipocheka alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Aliuza chumvi na mafuta kwenye meza ndogo mbele ya nyumba. Hakuwa tajiri, lakini sikumwona hata siku moja akiingia jikoni na uso wa mtu aliyekosa.

Supu yenyewe haikuwa na jina. Ilianza na swali. Jioni, akishatoka mezani kwake, aliketi kwenye kibao, akaita kwa sauti, "Iko nini mu kabati?" Kazi yangu ilikuwa kufungua kabati lile la mbao lenye wavu mbele, niangalie, nimtajie. Iko maharagi. Iko ndagala. Iko bunga ya mihogo. Iko kitunguu. Nilimtajia kwa aibu siku za kwanza, hasa kabati lilipokuwa karibu tupu, kama vile mimi ndiye niliyelimaliza. Yeye alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tu, "Njo vile," yaani ndivyo hivyo. Hakusema hata siku moja hakuna kitu. Nimeishi na watu wengi baadaye, wengine wenye friji zilizojaa, na sijasikia tena mtu akiridhika na kabati lake namna ile.

Maharagi yalikuwa yamelowekwa tangu asubuhi, yale ya rangi mchanganyiko, mekundu na ya manjano na yenye madoa, kwa sababu mchanganyiko ndio uliokuwa bei nafuu sokoni na yeye alidai ndio mtamu. Aliyachemsha bila chumvi mpaka yaanze kupasuka. Wakati huo mimi nilitoa vichwa vya ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa vilivyokaushwa juani, nikavikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka viwe vya kuvunjika. Nusu ilikwenda kwenye kinu, ikatwangwa iwe unga. Nusu iliyobaki iliingia nzima, ili mtu akila akutane nayo. Mawese aliyapasha pembeni mpaka harufu mbichi iondoke, ndipo akatia kitunguu, na kitunguu kikishakuwa laini akamimina vyote juu ya maharagi. Halafu ngaingai, majani machachu yaliyoota karibu na bomba, kidogo tu, badala ya nyanya. Mwisho unga wa muhogo uliokorogwa na maji baridi, ukishuka polepole huku mkono mwingine ukikoroga, na chumvi. Pilipili iliwekwa kando, kila mtu na roho yake. Siku hizi nawaona vijana wanavunja vile vidonge vya mchuzi vya madukani kabla hata hawajaonja kilichomo sufuriani. Nawaacha. Lakini wakila kwangu hawavunji kitu.

Mwaka ule nyumba nzima ilikuwa na jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa Faida. Alikuwa amenipita kidogo kwa umri, mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Alikuwa akipanda kwenda Kamanyola, huko bondeni, kuchukua mchele na vitunguu vya kuuza, na huko alikutana na kijana aliyeitwa Bahati, mkulima wa nyanya, mpole mpaka unasahau kama yuko chumbani. Walipendana. Shida ilikuwa baba yake mkubwa Bahati, Mzee Lubala, ambaye ndiye aliyeshika neno katika ukoo ule tangu baba yake Bahati alipofariki. Nyuma ya ukuta wangu wa mbao nilimsikia Faida akimsimulia mama yake yale aliyoyasema yule mzee: kwamba mtoto wa soko la Uvira amezoea kununua na kuuza, kwamba watu wa namna hiyo wakijengewa nyumba hufunga mlango, ndugu wakija hawapati hata maji. Alikuwa amekubali kuja kuiona nyumba, basi. Angekula, angetazama, na kama hakuridhika asingerudi, na Bahati asingeweza kumpinga. Faida alilia. Nikamsikia Mama Faida akiuliza kama majogoo yale mawili ya uani yamenenepa vya kutosha.

Yalinenepa. Kwa wiki kadhaa majogoo yale yalikula vizuri kuliko mimi. Mama Faida alitafuta mchele mzuri wa bondeni, akapata mikeke mikubwa, samaki wa ziwa waliokaushwa, akavifungia katika kabati na kuniambia kwamba hivyo havitajwi jioni. Na juu ya vyote kulikuwa na firigisi. Sijui kama vijana wa leo wanaelewa uzito wa kipande kile kidogo kigumu cha kuku. Kwetu firigisi ni ya mkubwa wa wageni. Haikatwi, haigawanywi, na mwanamke haili. Mgeni mwenye heshima akifunuliwa sahani, jicho lake linaitafuta kwanza. Akiiona, anajua nyumba imemtambua. Asipoiona, hata ukimchinjia ng'ombe, atakwenda nayo moyoni mpaka kwao. Mama Faida alikuwa ameshamwonyesha binti yake jinsi itakavyolala sahanini, katikati, juu ya wali.

Wageni walikuwa wafike Jumamosi. Alhamisi mvua ilinyesha milimani, na Ijumaa kabla jua halijapanda mto Mulongwe ukatoka mahali pake. Sisi tulikuwa sehemu ya juu kidogo, maji yakafika uani yakasimama. Walio chini yetu hawakuwa na bahati hiyo. Niliona mlango wa mtu ukielea pamoja na sufuria na kiatu cha mtoto. Watu walipanda na magodoro vichwani, wakajaa katika kanisa dogo lililokuwa jirani yetu, wamelowa, wanaitana majina kuhakikisha nani yuko. Mchana dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba daraja moja la bondeni limekwenda na maji, hakuna gari litakalotoka Kamanyola. Mama Faida alisikia habari ile akiwa mlangoni, anatazama upande wa kanisa. Akaingia ndani. Akaniambia nifungue kabati na safari hii nitaje vyote.

Tulipika majogoo yote mawili, mchele wote, mikeke yote. Faida alipepea moto midomo ameikaza, na sikuweza kujua kama analilia maji au arusi yake. Baba Mdogo, yaani mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye angewapokea wakwe kwa niaba ya ukoo, alikuja akauliza kama hatuwezi kubakiza jogoo mmoja kwa ajili ya siku nyingine. Mama Faida alimwambia watoto wale hawawezi kula siku nyingine. Tulibeba masufuria mpaka kanisani, na watu walikula wamesimama, wengine kwenye vifuniko, wengine mikononi. Firigisi zile mbili sijui zilikwenda wapi. Nadhani watoto walizitafuna bila kujua wanatafuna nini.

Jumamosi, jua likiwa juu ya kichwa, nilikuwa naanika blanketi za watu uani nilipoona wanaume wanne wanasimama kwenye njia yetu. Walikuwa wamevaa makoti. Suruali zao zilikuwa na matope mpaka magotini, na mmoja wao, mrefu, mwenye kofia, ambaye ndiye Mzee Lubala, alikuwa ameshika viatu vyake mkononi. Walikuwa wamefika mpaka kwenye daraja lililokatika, wakabebwa migongoni na vijana kuvuka maji, wakatembea kilichobaki. Nyuma yao alikuwa Bahati, macho chini. Mzee Lubala alikuwa amesema Jumamosi, na Mzee Lubala alikuwa mtu wa kufika siku aliyoisema.

Sisahau namna jiko lilivyokuwa katika dakika zile. Baba Mdogo aliwakaribisha sebuleni, akawapa maji ya kunawa miguu, akarudi kwetu, akapendekeza tuseme mama mwenye nyumba ni mgonjwa, wapewe chai waondoke. Faida alikaa sakafuni chumbani kwangu, amejifunika kichwa. Soko lilikuwa tope tupu, wavuvi hawakuingia ziwani siku zile, na majirani wote walikuwa wameshapika walichokuwa nacho. Ndipo akaingia Mama Sifa, jirani yetu, mama wa kanisa, mwenye moyo mzuri na mdomo wa haraka.

"Kule kanisani kuko mujane moja iko na kuku. Tuikamate, tutamurudishia ingine."

"Ile kuku njo kitu moja mai ilimuachia," alisema Mama Faida, akionyesha kwa kidevu upande wa mto. "Sitaigusa."

"Sasa bakwe batakula nini?"

Mama Faida aliketi kwenye kibao chake, akatandaza kanga magotini, akanitazama mimi.

"Iko nini mu kabati?"

Nilifungua. Iko maharagi, nikasema, kwa maana sufuria ya maharagi ya watu wa kanisani ilikuwa tayari motoni, yakipasuka. Iko ndagala. Iko bunga ya mihogo. Iko kitunguu moja. Iko mawese. Alisikiliza hadi mwisho kama siku zote, akasema, "Njo vile," na akaanza kupika. Hakuharakisha. Nilitamani aharakishe, nilitamani aongeze kitu, aimbe, alie, afanye chochote. Alikaanga ndagala mpaka zikawa za kuvunjika, akanipa kinu, akapasha mawese mpaka harufu ikaondoka. Kitunguu kile kimoja alikikata kwa uangalifu mkubwa. Ngaingai yetu ilikuwa imelala kwenye matope lakini majani ya juu yalikuwa mazima, akaniagiza niyaoshe vizuri. Alipomaliza alionja, akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. Ilikuwa supu ile ile tuliyoila Jumatano. Nakiri hata leo sijaona ujasiri mkubwa kuliko ule wa kutoibadilisha.

Kawaida chakula cha wakwe hupelekwa na vijana, na maneno husemwa na wanaume. Mama mwenye binti hukaa jikoni asionekane mpaka aitwe. Siku ile Mama Faida alibeba sufuria mwenyewe, mimi nyuma yake na bakuli na bugali, akaingia sebuleni, akapiga goti, akawagawia mmoja mmoja. Alimaliza na Mzee Lubala. Mzee alishika kijiko, akakoroga mara moja, polepole, akitazama ndani. Akakoroga tena. Sisi sote tulijua anatafuta nini. Baba Mdogo aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Bababa," Mama Faida aliwaambia wazee wale, angali amepiga goti, "chakula chenu kilikuwako. Majogoo, mucele, na mikeke. Jana mai iliingia mu manyumba ya bantu. Tukasikia daraja imekatika, tukajua hamutafika, tukabapikia. Kuku iko moja, kwa mujane, na sikutaka kuwadanganya na kuku yake. Leo iko hii. Njo ile tunakulaka."

Hakuomba msamaha. Hilo ndilo lililonishangaza wakati ule, na ndilo ninalolipenda zaidi leo. Sauti yake haikuwa ya kiburi wala ya kunyenyekea kupita kiasi. Aliwaambia kilichotokea kama anavyowaambia watu bei ya chumvi. Kisha akainuka, akarudi jikoni, akakaa. Faida alikuwa amefunua kichwa anasikiliza kwenye ukuta wangu wa mbao, na mimi nilisimama karibu naye, sikio langu kwenye ubao ule ule. Tulisikia vijiko. Mtu alikohoa, pilipili imemzidi. Mtu aliomba bugali tena. Halafu Mzee Lubala akauliza watu wa mafuriko wako wapi, Baba Mdogo akamwonyesha kanisa, na tukasikia kiti kikisogea. Faida alinishika mkono akaubana. Alidhani anaondoka.

Aliondoka kweli, lakini alikwenda kanisani. Aliingia peke yake, akasimama katikati ya magodoro na watoto, akasalimia. Aliporudi alipita upande wa jikoni, jambo ambalo mkwe halifanyi, akasimama mlangoni, kofia mkononi, matope yamekauka kwenye suruali yake.

"Mama," alisema, "siku tutarudi, mutupikie hii hii."

Faida alikaa chini tena, safari hii akicheka na kulia pamoja. Mama Faida alifunika mdomo kwa upande wa kanga yake. Sikumwona akilia, lakini alibaki na kanga mdomoni kwa muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji.

Walirudi baada ya mavuno, na tuliwapikia hiyo hiyo, na Faida akaenda Kamanyola, na mlango wake huko haujawahi kufungwa kwa ndugu. Mimi nilifanya mtihani wangu, nikapita, nikaondoka. Tangu wakati huo, kila wakwe wale waliposhuka Uvira, iwe kwa ubatizo au kwa ugonjwa, walikula supu kwa Mama Faida, hata majogoo yalipokuwepo uani. Vijana waliozaliwa baadaye walidhani ni mila ya ukoo.

Siku ya matanga nyumba ilijaa mpaka barabarani. Pikipiki zilipangwa mahali palipokuwa na meza ya chumvi. Kabati lile lenye wavu bado liko, wavu umebadilishwa. Wakwe kutoka Kamanyola walifika na mbuzi na kuku kama inavyopasa, na Mzee Lubala alikuwa nao, mzee sana sasa, ameshikwa huku na huku, miguu haina nguvu lakini kofia iko mahali pake. Wanawake walipika kuku. Faida, ambaye sasa ana wajukuu, alipika supu kwenye sufuria kubwa, nami nikatoa vichwa vya ndagala kama zamani. Sahani ya mzee ilipopelekwa, firigisi ilikuwa katikati, juu ya wali, vile vile Mama Faida alivyomwonyesha binti yake mwaka ule. Mzee aliitazama kwa muda. Kisha akaomba ainuliwe. Wajukuu wawili walimshika, akatembea hatua fupi fupi mpaka mlango wa jikoni, sahani mkononi mwa mmoja wao, na wanaume wote wakageuka kumtazama.

"Faida," alisema, "ile siku ya mai niliitafuta mu bakuli. Nilikoroga mara mbili. Nilikuwa nayitafuta mahali yenye haikuwa. Hii ilikuwa ya mama yako. Kamata, kula."

Faida alinitazama mimi. Mama Sifa, ambaye bado yupo na bado ana mdomo wa haraka, alimsukuma kidogo kwa kiwiko. Faida alifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua firigisi kwa vidole, akaitia mdomoni mbele ya wanaume wote wa ukoo wa mumewe. Firigisi ni ngumu. Alitafuna, akatafuna, machozi yakimshuka, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomeza. Mzee alitikisa kichwa, akaomba bakuli la supu, akarudishwa kwenye kiti chake. Nje watu wengine walikuwa wanafika, kundi zima, wametoka mbali kwa miguu, na sufuria ilikuwa imekaribia chini. Faida aliketi kwenye kibao kifupi cha mama yake, akatandaza kitenge magotini.

"Iko nini mu kabati?" aliuliza.

Niliinuka nikafungua.